Ritifaa Tatu za Neno Ng'ambo: Uhakiki wa Misimbo ya Herufi katika Kurasa za Wavuti

Insha hii inahakiki jambo ambalo kwa kawaida hatulihesabu kuwa sehemu ya somo la Kiswahili: majedwali ya misimbo ambayo mtu huyatazama anapotaka kuandika alama maalumu katika ukurasa wa wavuti. Nitashughulika na alama moja tu, yaani ritifaa inayokaa katika ng', na nitarudi mara kwa mara kwenye neno moja, ng'ambo. Hoja yangu ni kwamba kuchagua msimbo wa alama hiyo ni uamuzi wa tahajia, wala si kazi ya fundi wa kompyuta peke yake. Kwa kuwa sisi wanafunzi na walimu wa lugha hatukukaa tukaamua, kibodi na programu zimetuamulia, kila moja kwa namna yake.

Neno ng'ambo sikuliokota tu. Nilikulia Nchelenge, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Kwetu ng'ambo si neno la kwenye kamusi. Ni Kilwa ya Kongo, mahali boti zinakotoka na zinakorudi. Kiswahili changu cha kwanza nilikisikia kwa wachuuzi wa samaki waliovuka kutoka huko, kabla sijajua kwamba kuna Kiswahili kingine kinachoitwa sanifu. Nyumbani tunasema Kibemba, na kwa Kibemba ng'ambo ni bushilya. Hata hivyo sauti ya mwanzo ya ng'ambo si ngeni kwetu: nyumba ni ing'anda, ng'ombe ni ing'ombe, mganga ni shing'anga. Mtu wa Nchelenge anayejifunza Kiswahili sanifu hapati shida ya kuitamka nazali hiyo ya kaakaa laini. Shida yake ni kuiandika, na hasa kuiandika mahali ambapo msomaji wa kwanza ni mashine.

Orodha iliyogawanyika

Tulipokuwa mwaka wa pili, tulipewa kazi ya kukusanya maneno ya shughuli fulani na kuyaweka katika ukurasa wa wavuti. Kikundi changu kilikuwa na watu watatu, nasi tulichagua maneno ya ziwani: majina ya vyombo, nyavu, upepo, samaki na biashara ya samaki. Ukurasa wetu ulikuwa na safu tatu, yaani Kibemba cha ufuoni, Kiswahili sanifu na Kiswahili cha Katanga. Kila mmoja aliandika sehemu yake mahali alipokuwa. Mmoja aliandika kwa simu, wa pili kwa programu ya kuandikia barua na ripoti, nami niliandika moja kwa moja katika faili la ukurasa.

Tulipounganisha kazi na kuiamuru kompyuta ipange maneno kwa alfabeti, orodha ilitoka na kasoro ambayo kwanza tulidhani ni mzaha. Neno ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa akakaushwa juani, lilikaa kabla ya ngalawa na ngazi. Neno ng'ambo lilikaa mbali chini, baada ya nguzo na nguo. Maneno mawili yanayoanza kwa sauti moja, yaliyoandikwa kwa herufi zile zile mbele ya macho yetu, yalitenganishwa na maneno yote yanayoanza kwa ng. Tulitazama kioo kwa karibu, tukakuza maandishi, na ndipo tukaona kwamba katika ng'onda kile kistari kimesimama wima, ilhali katika ng’ambo kimepinda kidogo kama mkia wa tisa.

Hapo ndipo nilipofungua jedwali la misimbo kwa mara ya kwanza.

Jedwali linasema nini

Kompyuta haihifadhi umbo la herufi. Huhifadhi nambari, na umbo huchorwa baadaye. Katika mpangilio wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, nafasi zote zilikuwa 128, na ritifaa ilipewa nambari 39. Nafasi zikiwa chache hivyo, kistari kimoja kilicho wima kilibebeshwa kazi nyingi, kama kilivyokuwa kwenye taipureta: kufungua nukuu, kufunga nukuu, na kuwa ritifaa. Mpangilio wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambao leo una herufi na alama zaidi ya 150,000, ulitenganisha kazi hizo. Kwa hiyo anayetafuta ritifaa katika jedwali leo hakuti moja bali tatu, bila kuhesabu jamaa zao wa karibu.

Ya kwanza ni ile ya zamani, nambari 39. Katika ukurasa wa wavuti huandikwa &#39; kwa kuanza na alama ya &, kisha alama ya reli, kisha nambari, kisha nuktamkato. Ya pili ni nambari 8217, iliyopinda, ambayo jina lake rasmi katika jedwali linaitambulisha kuwa ni alama ya kufungia nukuu. Hiyo huandikwa &#8217; na ndiyo ambayo programu za kuandikia hubadilisha zenyewe bila kumuuliza mwandishi. Ya tatu ni nambari 700. Umbo lake machoni ni kama la 8217, lakini jedwali linaihesabu miongoni mwa herufi, wala si miongoni mwa alama za uakifishaji. Mwongozo wa Unicode unasema waziwazi kwamba ritifaa ikiwa ni alama ya uakifishaji, inayopendekezwa ni 8217. Ikiwa ni herufi katika tahajia ya lugha fulani, ni 700.

Sasa fumbo la orodha yetu lilifumbuka. Programu yetu ilikuwa imepanga maneno kwa nambari. Herufi a ni 97. Ritifaa ya 39 ni ndogo kuliko herufi zote, kwa hiyo ng'onda alitangulia. Ya 8217 ni kubwa kuliko zote, kwa hiyo ng’ambo ilibaki nyuma. Kompyuta haikukosea. Sisi ndio tulioandika herufi mbili tofauti tukiamini kwamba ni moja.

Lakini jedwali, kwa kunijibu, lilinirudishia swali: je, katika Kiswahili ritifaa ya ng' ni uakifishaji au ni herufi? Vitabu vya sarufi nilivyofundishwa navyo huiweka ritifaa katika sura ya uakifishaji, pamoja na mkato na nukta. Humo hupewa kazi mbili kwa pumzi moja, yaani kuonyesha sauti iliyodondoshwa, na kuandika ng'. Tukizipima, kazi hizi hazina undugu. Mshairi anapoandika n'takuja badala ya nitakuja, ritifaa inasema kwamba hapa palikuwa na kitu kikaondolewa. Katika ng'ambo hakuna kilichoondolewa. Ritifaa hapo ni kiungo cha herufi, kama h ilivyo kiungo cha ch na sh. Ukiitoa, hubadilishi mwendo wa usomaji; unabadilisha neno. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoshika, kama jino au mche. Ngoa ni tamaa au wivu. Kwa hiyo kwa mizani ya fonolojia jibu ni jepesi: ritifaa ya n'takuja ni uakifishaji, ritifaa ya ng'oa ni herufi. Tunaandika kwa alama moja vitu viwili ambavyo jedwali la misimbo lingetutaka tuviandike kwa nambari mbili.

"Maalumu" kwa nani?

Kabla ya kueleza tulichofanya, nataka kulihakiki jina lenyewe. Majedwali haya huitwa ya alama maalumu. Umaalumu huo umepimwa kwa jicho la nani? Toleo la nne la HTML, la mwaka 1997, lilitoa majina kwa alama 252, ili mwandishi wa ukurasa asilazimike kukariri nambari. Mfaransa alikuta é yake ina jina, Mhispania alikuta ñ yake ina jina, na herufi za Kigiriki zilikuwamo kwa ajili ya hisabati. Mkikuyu aliyetaka kuandika jina la Ngũgĩ wa Thiong'o kama lilivyo hakukuta jina la ũ wala la ĩ; ilimbidi aandike &#361; na &#297; kwa nambari. Mganda hakukuta jina la ŋ, herufi iliyomo katika alfabeti ya Luganda; aliandika &#331;. Katika HTML ya tano majina yalizidi 2,000 na herufi hizo zote zikapata majina. Ni hatua njema. Hata hivyo, kwa aliyezaliwa Nchelenge, Nairobi au Kampala, herufi iliyomo katika neno la ng'ombe haijawahi kuwa maalumu. Ni ya kila siku, kama maziwa ya huyo ng'ombe.

Jina la Ngũgĩ linafundisha jambo la pili, na hili naliona kuwa zito zaidi. Ũ inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: kama nambari moja, 361, au kama u ya kawaida ikifuatwa na nambari 771, ambayo ni kiwimbi kinachokaa juu ya herufi iliyotangulia. Unicode inajua kwamba njia hizo mbili ni kitu kimoja na imeweka kanuni ya kuzisawazisha, hata programu ikitaka inaweza kuzilinganisha na kupata jibu kwamba ni sawa. Ritifaa zetu tatu hazina kanuni ya namna hiyo. Kwa jedwali, 39, 8217 na 700 ni vitu vitatu mbalimbali milele, kwa sababu katika lugha nyingine tofauti hizo zina maana. Basi ikiwa kwetu ni kitu kimoja, hakuna atakayezisawazisha isipokuwa sisi.

Tofauti isiyoonekana

Msomaji anaweza kusema kwamba tahajia kutofautiana si balaa jipya. Ni kweli, na historia ya ufuo wetu ina ushahidi mwingi. Kusini ya Nchelenge, karibu na ziwa dogo la Mofwe, ndiko walikotawala akina Mwata Kazembe. Wareno waliofika huko mwaka 1798 wakiongozwa na Lacerda waliandika Cazembe. Livingstone alifika mwaka 1867, na katika shajara zake zilizochapishwa mwaka 1874 mfalme ni Casembe na ziwa ni Moero. Alipofika huko alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi kwa Kazembe kwa miaka mingi. Wafanyabiashara wa namna hiyo waliotoka pwani walikuwa na mwandiko wao, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko huo wa zamani nao haukuwa na herufi ya pekee kwa sauti yetu. Herufi ghain ilibeba gh, na pia g, ng na ng', na msomaji alichagua kwa maana ya sentensi.

Kwa hiyo ng' imekuwa ikikosa makazi kwa muda mrefu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya shida hizo na yetu. Mtafiti akikuta Cazembe na Casembe, anaona kwa macho kwamba tahajia ni mbili, naye atatafuta zote mbili. Msomaji wa ghain anajua kwamba herufi ina kazi nyingi, naye yuko macho. Mwanafunzi wa leo anayetafuta ng'ambo katika mkusanyiko wa matini haoni kitu cha kumshtua. Ameandika neno sahihi, na neno lililomo ni sahihi, lakini mashine inamjibu kwamba halimo. Atahitimisha kwamba mwandishi hakulitumia. Ataandika hivyo katika tasnifu yake, na msimamizi wake, ambaye naye haoni tofauti, atakubali.

Madhara mengine yanaonekana zaidi, na wengi wetu tumeyazoea hata tukaacha kuuliza. Kurasa nyingi za Kiswahili zina maneno kama ngâ€™ombe. Hiyo ni ritifaa ya 8217, ambayo katika mfumo wa UTF-8 huhifadhiwa kwa baiti tatu, lakini ikasomwa na programu iliyodhani kwamba kila baiti ni herufi moja. Nyingine zina ng&#39;ombe mbele ya macho ya msomaji, kwa sababu msimbo ulisimbwa mara mbili. Programu rahisi za kuhesabu maneno, zinazochukua herufi tu na kutupa uakifishaji, hukata ng'oa ikawa ng na oa, na ghafla takwimu za Kiswahili zinaonyesha kwamba watu wanaoana kuliko wanavyong'oa. Programu nyingine huweka herufi kubwa baada ya kila alama, na jina Ng'andu linatoka Ng'Andu.

Nimelitaja jina la Ng'andu kwa makusudi. Kwa Kibemba ng'andu ni mamba, na Bena Ng'andu ndio ukoo wa kifalme wa Wabemba. Ni jina linalobebwa na watu wengi Zambia, akiwamo Bwalya Ng'andu aliyekuwa waziri wa fedha kati ya 2019 na 2021. Rafiki yangu mmoja mwenye ritifaa katika jina lake alijaza fomu ya mtandaoni ya ofisi moja, fomu ikamwambia kwamba jina lake lina alama isiyoruhusiwa. Aliitoa. Sasa cheti chake kimoja kina ritifaa na kingine hakina, na kila mara huulizwa kama yeye ni mtu mmoja au wawili. Sababu ya kiufundi ya kukataa naielewa: katika lugha ya hifadhidata nambari 39 hufunga maandishi, hivyo jina lake linaweza kuonekana kama amri iliyokatika. Lakini kuna njia nyingi zinazojulikana za kupokea alama hiyo kwa usalama. Aliyetengeneza fomu alichagua njia fupi, na gharama akaiacha kwa mwenye jina.

Kosa langu

Baada ya kusoma mwongozo nilijawa na fahari. Niliwaeleza wenzangu kwamba ritifaa ya ng' ni herufi, kwamba Unicode imeitengea herufi nafasi ya 700, na kwamba ukurasa wetu utakuwa wa Kiswahili kilichoandikwa sawasawa. Niliwapa mfano wa Hawaii, ambako alama inayofanana na yetu, iitwayo ʻokina, huhesabiwa kuwa konsonanti ya alfabeti na ina nambari yake, 699. Wakakubali. Nilibadilisha kila ng' katika faili ikawa na 700. Orodha ilipangika: maneno yote ya ng' yalikaa pamoja, mwishoni mwa ng. Nilituma anwani ya ukurasa nyumbani.

Mama yangu mdogo huuza samaki wakavu Kashikishi, na wateja wake wengi hutoka ng'ambo. Nilikuwa nimemweleza kwamba ukurasa una kisanduku cha kutafutia. Jioni alinipigia simu.

"Mwanangu, hiki kitabu chako cha kwenye simu hakijui ng'ambo."

"Umeandika vizuri, mama?"

"Nimeandika kama ulivyonionyesha, na kale kamstari juu."

Alikuwa ameandika vizuri kabisa. Simu yake, kama simu nyingi, ilitoa 39. Kisanduku changu kililinganisha nambari kwa nambari, kikaona 39 si 700, kikajibu kwamba neno halipo. Nilimwomba ajaribu bila kamstari, kwa sababu wateja wake wa Katanga mara nyingi huandika ngambo na ngombe bila alama yoyote. Nalo halikupatikana. Ukurasa ulioandikwa kwa usahihi wa hali ya juu ulikuwa umefungiwa wasemaji wote wa lugha inayouzungumzia. Ni mimi peke yangu niliyeweza kulipata neno ng'ambo humo, kwa kulinakili kutoka kwenye jedwali.

Hapa ndipo uhakiki wangu unapogeuka. Nilikuwa nikiyalaumu majedwali kwa kuwa yametungwa mbali na sisi, kisha nami nikafanya vile vile: nilichukua kanuni iliyo sahihi, nikaitumia bila kuuliza mkono wa msomaji unafikia herufi gani. Tahajia haiwi sahihi kwa nadharia peke yake. Kibodi ya mwandishi ni sehemu ya tahajia yake, kama kalamu na karatasi zilivyokuwa. ʻOkina inafanya kazi Hawaii kwa sababu jamii na taasisi zao zimekubaliana kuiandika na kibodi zipo za kuitoa. Kuichukua nambari bila makubaliano ni kuchukua kofia bila kichwa.

Tunachoweza kufanya

Nilirudi kwenye faili nikarudisha 39 kila mahali. Sikufanya hivyo kwa kuamini kwamba ni nzuri, bali kwa kuwa ndiyo ambayo vidole vya watu wetu vinaifikia. Kisha nilibadilisha kisanduku: kabla ya kulinganisha, huondoa ritifaa za aina zote tatu, pamoja na jamaa zao kama nukuu ya kufungulia, 8216, katika neno lililoandikwa na katika orodha. Atakayeandika ng'ambo kwa simu, ng’ambo kwa programu ya ofisini, au ngambo kama wafanyavyo wachuuzi wa Kilwa, wote hufika mahali pamoja. Akiandika ngoa, ukurasa humwonyesha ngoa na ng'oa, naye huchagua. Tofauti ya maana inabaki katika orodha. Kinacholegezwa ni mlango wa kuingilia tu. Mwalimu wa ghain angeielewa kanuni hii: pokea maandishi kwa upana, kisha acha maana iamue.

Jambo la pili tulilojifunza ni dogo ila linaokoa muda. Ukurasa ukitangaza mwanzoni kwamba unatumia UTF-8, hakuna haja ya kuandika misimbo ya nambari kwa ũ, ŋ au ritifaa. Herufi yenyewe inatosha. Misimbo inabaki kuwa ya lazima kwa alama ambazo HTML yenyewe inazitumia, kama & na <. Ritifaa ya 39 huingia humo pale tu inapokuwa ndani ya sifa iliyofungwa kwa alama hiyo hiyo. Ukiandika title='Ng'ambo', kivinjari hukomea kwenye Ng. Badala yake andika title='Ng&#39;ambo', au fungia sifa kwa alama za nukuu mbili.

Wapo watakaonipinga kwa hoja mbili. Wa kwanza watasema kwamba haya ni ya wahandisi. Mhandisi anaweza kusawazisha nambari zozote atakazoambiwa, lakini hawezi kujua kwamba katika n'takuja na ng'oa kuna ritifaa mbili zenye kazi mbili, wala kwamba Katanga huandika ngombe. Hayo ni maarifa yetu, na tusipoyatoa atakisia. Wa pili watasema kwamba msomaji huelewa hata bila ritifaa, kwa hiyo tuiache. Nakubali kwamba mama mdogo na wateja wake wanaelewana. Wanaelewana kwa sababu wanaonana, samaki wako mezani na bei inajadiliwa. Anayesoma peke yake, na mashine inayosoma bila kuelewa, hawana samaki wa kuwaongoza.

Kwa hiyo sipendekezi herufi mpya. Napendekeza kwamba anayetunga kamusi au kukusanya matini ya Kiswahili kwa kompyuta aseme katika utangulizi wake ametumia msimbo upi kwa ng', kama anavyosema ametumia vifupisho vipi. Napendekeza somo la tahajia litenganishe ritifaa ya kudondosha na ritifaa ya ng', ili mwanafunzi asifunzwe kwamba sehemu ya herufi ni sawa na mkato. Na mwanafunzi mwenzangu atakayeambiwa na kompyuta kwamba neno halimo, asiamini kabla ya kutafuta kwa ritifaa zote tatu na bila ritifaa.

Wiki iliyofuata mama mdogo alipiga tena. Alikuwa ameandika ngambo, bila kamstari, akaipata. Chini yake akasoma bushilya. Hakusema lolote juu ya misimbo. Aliniuliza kwa nini chisense, wale dagaa wetu wadogo wa ziwani, hawamo katika orodha, maana ndio wanaouzwa zaidi. Hilo halikuwa kosa la jedwali lolote. Tulikuwa tumesahau.